Naenda Guangzhou kufunga mzigo, nijifunze Kichina gani? Nasikia viko vingi

MamaMapochi_Kkoo

Habari zenu wakubwa kwa wadogo, shikamooni kwa wanaostahili. Mi nina fremu ya mapochi na viatu vya kike hapa Kariakoo, miaka yote nimekua nachukua mzigo kwa watu wanaotoka China, sasa nimejipanga mwakani niende mwenyewe Guangzhou nikaone bei kwa macho yangu. Nataka kabla sijaenda niwe na Kichina japo cha kuombea maji, nimechoka kila kitu kuambiwa na mtu wa katikati.

Kilichonichanganya ni hiki. Kuna dada alishakaa huko ananambia wenyeji wa Guangzhou hawaongei Kichina hiki tunachokiona kwenye video za kujifunzia, wana chao kinaitwa Kikantoni, na ukienda Yiwu wana kingine, Shanghai kingine, yani unaweza kujifunza mwaka mzima ukafika ukakuta watu hawakielewi. Kaka mwingine kanambia achana na hayo Kichina ni kimoja tu, ni lafudhi, kama mtu wa Pemba na mtu wa Dar. Nani anasema kweli hapo? Na hizi sauti za kupanda na kushuka ni lazima kweli au watu wanaelewa tu hata ukikosea? Naomba anayejua anifafanulie taratibu, ntasoma yote.

Mkalimani_Xiaobei

Dada yangu karibu sana, hapa umegusa kazi yangu. Nimesoma China na sasa nafanya ukalimani Guangzhou maeneo ya Xiaobei na Sanyuanli kwa wafanyabiashara wa kwetu, kwahiyo nakujibu kwa ninachokiona kila siku.

Yule dada yuko sahihi na yule kaka kakosea, ila ushauri wa kufanyia kazi ni rahisi: jifunze Putonghua, ndo hiki watu wengine wanakiita Kimandarini. Ni Kichina rasmi cha nchi, matamshi yake yamechukuliwa Beijing, na tangu 1956 serikali inakisambaza nchi nzima, mashuleni, redioni, maofisini. Mwaka 2020 serikali yao ilitangaza kwamba zaidi ya 80% ya wananchi wanaweza kukiongea. Na hapa Guangzhou kuna kitu watu wakiwa Dar hawakijui, wauzaji wengi kwenye masoko ya jumla sio wenyeji wa hapa. Mwenye duka la mabegi anaweza kua katoka Hunan, wa viatu katoka Wenzhou, dereva wa teksi Henan, binti anayekupimia mzigo katoka Guangxi. Hao wenyewe kwa wenyewe lugha za nyumbani kwao hazielewani, wanakutana kwenye Putonghua kama mie na wewe tulivyokutana kwenye Kiswahili ingawa mie kwetu ni Bukoba. Ukiwa na Putonghua umeshawapata wote hao.

Sasa hilo la lafudhi. Mpemba akiongea na mtu wa Dar wanaelewana, labda neno mojamoja litawashinda. Mtu wa Beijing ambaye hajawahi kukaa kusini akisikia watu wawili wa Guangzhou wanapiga stori haambulii kitu, sio kwamba anaelewa nusu, haambulii. Wenyewe wachina wanaziita zote lahaja za Kichina kwasababu taifa ni moja, maandishi ni yaleyale na historia ni moja, lakini kwa kusikilizana zile ni lugha tofauti na wataalamu wengi wa lugha wanazihesabu hivyo. Kawaida wanazigawa makundi makubwa 7. Kuna hicho cha kaskazini chenye Putonghua ndani yake, ambacho kimekamata eneo kubwa ajabu, kutoka Harbin kule kwenye baridi mpaka Kunming karibu na Vietnam, kilomita zaidi ya 3,000, na watu wa huko kote japo kwa tabu wanasikilizana. Halafu kusini mashariki ndo kumejaa zilizobaki: Wu ya Shanghai na Zhejiang, Yue ambayo ndo hicho Kikantoni, Min ya Fujian na Taiwan, Kihakka, Xiang ya Hunan na Gan ya Jiangxi.

Kwanini kusini ziwe nyingi hivyo? Kaskazini ni tambarare, majeshi na wakulima na maofisa wa mfalme walikua wanatembea kila mahali, lugha inachanganyika inakua moja. Kusini ni milima na mito, na watu walihamia kwa awamu wakikimbia vita vya kaskazini, kila kundi likijifungia kwenye bonde lake karne na karne. Wahakka hata jina lao maana yake familia za wageni, na mpaka leo wana lugha yao popote walipo, hata Mauritius wachina wengi wa kule asili yao ni Wahakka wa Meixian.

Kuhusu toni dada sikufichi, ni lazima. Putonghua ina toni 4 na moja hafifu. Ya 1 iko juu imenyooka, ya 2 inapanda kama unavyouliza eeh?, ya 3 inazama chini, ya 4 inashuka kwa nguvu kama unavyomkatalia mtoto. Mfano wa dukani kabisa (namba nayoweka mwisho wa neno ni ya toni): mai3 ni kununua, mai4 ni kuuza. Herufi zilezile. Muuzaji atakuelewa kwasababu anakuona umeshika pochi yake mkononi, lakini ukimtumia ajenti ujumbe wa sauti kwenye simu "nataka mai4" hakuoni umeshika nini. Nyingine ni namba. Kumi ni shi2, nne ni si4. Kumi na nne ni shi2si4, arobaini ni si4shi2. Watu wa kusini wengi "sh" haipo kwenye lugha zao za nyumbani wanaitamka "s", kwahiyo zote mbili unasikia "sisi", kinachobaki kutofautisha 14 na 40 ni toni tu, inapanda kisha inashuka au inashuka kisha inapanda. Ndo maana muuzaji anakuandikia bei kwenye kalkuleta hata kwa mchina mwenzake.

KijanaWaKibokoni

Assalaam alaykum. Mamangu wa mapochi nisome na mimi kidogo, niko Mombasa na Kichina nilianza kukisoma Nairobi, chuo kikuu cha Nairobi kuna Taasisi ya Confucius, ya kufundisha Kichina, tangu 2005, ilikua ya kwanza Afrika. Dar pia mnayo pale Mlimani kwahiyo usidhani lazima usafiri ndio usome.

Nataka niongeze jambo ambalo walimu wengi hawalisemi kwa sababu hawajui Kiswahili. Yale maandishi ya pinyin, hizo herufi za kirumi za kuandikia Kichina, usizisome kama zilivyo. B ya pinyin siyo b yetu. Ni p kavu isiyo na pumzi, na P yao ni p yenye pumzi nyingi. Vivyo hivyo d na t, g na k, zh na ch, j na q. Sasa sisi watu wa Mombasa na Lamu jambo hili tunalo tangu kuzaliwa, twatofautisha paa la nyumba na p'aa yule mnyama, kaa la moto na k'aa wa baharini. Ukiwa na bibi wa Kimvita au Kiamu mwambie akutamkie hayo maneno uweke kiganja mbele ya mdomo wake utausikia upepo. Upepo huo ndio wote. Bao3 le ni ameshiba, pao3 le ni amekimbia, hakuna tofauti nyingine isipokua pumzi.

Na toni pia watu wetu wasijitie hofu kupita kiasi, Kiswahili hakina toni lakini Kihaya, Kikuyu, Kichaga, Kisukuma, hizo zote zina toni. Darasani kwetu waliokua wakishika haraka walikua ni Wakikuyu, sikio lao lishazoea kwamba sauti ikipanda neno limebadilika.

Mzee_wa_Foshan

Wadogo zangu nimewasoma, mmesema vizuri, lakini naona Kikantoni mmekipitia juu juu na mimi hapo sikubali. Nimeishi Foshan miaka mingi, ni mji umepakana na Guangzhou, na nasema mtu wa biashara anayekwenda mkoa ule bila neno hata moja la wenyeji anaacha kitu mezani. Si lazima akiongee. Ila awe na maneno ya kusalimia na kushukuru.

Kikantoni kinaongewa na watu karibu milioni 80 ukijumlisha jamaa zake wa kundi la Yue, kiko Guangdong, Guangxi, Hong Kong, Macau na huko nje Malaysia na Marekani na kwingine. Hizi sinema za kung fu tulizokua tukizitazama vibandani, Bruce Lee na Jackie Chan, wale lugha yao ni Kikantoni, na sinema nyingi za Hong Kong zilitengenezwa kwa Kikantoni. Na wenyeji wanakipenda. Mwaka 2010 kabla ya michezo ya Asia kufanyika Guangzhou kuna pendekezo lilitolewa televisheni ya jiji itangaze zaidi kwa Putonghua, mwezi wa 7 watu wakatoka barabarani kukitetea. Vijana kabisa. Kwahiyo mtu akikuambia ni lafudhi tu anakua hawatendei haki wale watu.

Sasa kimuziki ni kigumu kuliko hicho cha Beijing, toni ni 6. Silabi "si" peke yake ukiipandisha na kuishusha unapata shairi, historia, jaribu, wakati, soko na jambo. Alafu maneno mengi yanaishia kwa konsonanti, p, t, k, m. Moja ni yat, sita ni luk, kumi ni sap, tatu ni saam. Mdomo wa mswahili unataka kuweka irabu mwisho, ukisema "sapu" wanakushangaa. Putonghua haina miisho hiyo, inaishia irabu au n au ng' na kule Beijing ile r yao, ndio maana kwetu ni nyepesi. Lakini miisho hii ni ya zamani sana, Putonghua iliipoteza, na mashairi ya enzi za Tang, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, mengine ukiyasoma kwa Kikantoni vina vinakaa sawa na kwa Putonghua havikai.

Kuna kimoja kitakufurahisha. "Mimi" kwa Kikantoni ni ngo, ile ng' ya ng'ombe kabisa. Na tano ni ng' peke yake bila irabu. Wazungu wanahangaika nayo, sisi tunayo tayari.

Neno la kwanza utakalolisikia sokoni ni la kunyimwa. Ukiuliza rangi nyekundu ipo? muuzaji wa kuja anayeongea Putonghua atakujibu mei you, mwenyeji atakujibu mou. Na hili mou lina maandishi yake, chukua herufi ya "ipo" 有, ile mistari miwili ya ndani ifute, unapata 冇, haipo. Mimi nilipoonyeshwa hiyo nilitulia nikasema hawa watu wana akili.

MamaMapochi_Kkoo

Jamani asanteni mno, nimekaa dukani nasoma mpaka mteja ananiita sisikii. Mzee wangu wa Foshan shikamoo. Hapo kwenye maandishi ndo nataka kuuliza, kama wana lugha tofauti hivyo inakuaje wanaandika sawa? Yani mtu wa Shanghai na wa Guangzhou wakichati wanaelewana lakini wakipigiana simu hawaelewani? Na je mi nikitumia programu ya kutafsiri kwenye simu itatosha? Halafu Yiwu hakuna aliyenijibu, nikitoka Guangzhou nataka nipite na huko.

BintiZhejiang

Marahaba niitikie mie kwa niaba ya wadogo 😊 dada mi nasoma Jinhua, Yiwu iko hapa hapa kwetu, treni ya haraka hata hujakaa vizuri umefika.

Yiwu wenyeji wanaongea aina ya Wu, ni ndugu na ya Shanghai, lakini ndugu wa mbali, na wenyeji wenyewe wanakwambia kijiji hiki na kile maneno yanabadilika. Wenzhou ndo funga kazi, hata watu wa Zhejiang wenzao wanawashindwa. Lakini sokoni usiwe na hofu, lile soko dunia nzima iko pale, waarabu, wahindi, wanaijeria, wasomali, biashara inakwenda kwa Putonghua na Kiingereza kidogo na kalkuleta. Wu utaisikia mwenye duka anapomuuliza mumewe kwa sauti ya chini bei ya mwisho ni ngapi, hapo hupati kitu hata ungekua na cheti cha juu cha Kichina. Kinachoniuma ni kwamba watoto hawaiongei tena. Mama mwenye nyumba ninapokaa na mama yake wanaongea kienyeji, akigeuka kwa mtoto anaongea Putonghua, mtoto anamuelewa bibi yake lakini anamjibu kwa Putonghua, na hii ni kila mahali huku mpaka Shanghai. Huko salamu yao ni nong ho badala ya ni hao, mimi nikiwasalimia wazee hivyo wanafurahi mpaka wananishika mkono.

Sasa maandishi. Herufi zao hazibebi sauti kama zetu, zinabeba neno. 水 ni maji, mtu wa Beijing ataisoma shui, wa Guangzhou ataisoma soi au seoi hivi, lakini wote wameona maji. Ila tusidanganyane kwamba kila mtu anaandika lugha yake na wengine wanaelewa. Wanapoandika rasmi wote wanaandika kwa utaratibu wa Putonghua, sarufi yake na maneno yake, hata Hong Kong ambako wanaisoma kwa matamshi ya Kikantoni. Mtu akiamua kuandika Kikantoni kama anavyokiongea, na hizo herufi kama 冇 alizosema mzee, mtu wa kaskazini anaanza kukwama. Shule ndo imewaunganisha, sio herufi peke yake. Tena wapo wachina wanaoitwa Wadungan, wako Kyrgyzstan na Kazakhstan, lugha yao ni Kichina cha kaskazini lakini wanaandika kwa herufi za kirusi na maisha yanaenda.

Na herufi zenyewe ni aina mbili. China bara wanatumia zilizorahisishwa tangu miaka ya 1950, Taiwan, Hong Kong na Macau wanatumia za zamani zenye mistari mingi. Wewe soma za bara. Pinyin ilipitishwa 1958, mmoja wa walioitengeneza ni Zhou Youguang, alifariki 2017 akiwa na miaka 111. Pinyin ndo unayochapia kwenye simu, unaandika xie simu inakuletea viatu 鞋 unachagua. Ukitaka kuona herufi zilivyojengwa angalia mama, 妈, kushoto mwanamke 女, kulia farasi 马, farasi yuko pale kwa ajili ya sauti tu, ma. Nyingi sana zimejengwa hivyo, upande wa maana na upande wa sauti, ukishaujua huo mchezo haziogopeshi. Kwa kusoma gazeti unahitaji kama 3,000 lakini kwa mapochi na viatu ukijua za rangi, saizi, ngozi, bei na namba umetosha.

Programu ya kutafsiri inafaa kwa maandishi dada. WeChat, ile programu yao ya kuchati, ukibonyeza ujumbe wanakutafsiria. Shida ni ujumbe wa sauti, muuzaji akikutumia sauti yenye lafudhi nzito simu inaandika mambo mengine kabisa. Mwambie aandike: qing3 xie3 zi4.

Mkalimani_Xiaobei

Mzee wa Foshan nakuunga mkono, sikukidharau Kikantoni, nilikua najibu la kuanzia ni lipi. Hata mi nikimaliza kazi namwambia mwenyeji m goi, asante ya kuhudumiwa, na akinipa zawadi namwambia do je, hizo hawachanganyi.

Dada ngoja nikumalizie na vitu vya kukuokolea hela. Sarufi ya Kichina itakupa raha, kitendo hakibadiliki, hakuna ni-li-ta-me, unasema jana mimi nunua, kesho mimi nunua, imetoka hiyo. Yeye wa kike na wa kiume ni ta1 wote, kama kwetu, kwenye maandishi tu ndo wanatofautisha. Ila wana ngeli za kuhesabia vitu, huwezi kusema viatu vitatu hivi hivi, lazima uweke neno katikati. Viatu ni shuang, san1 shuang1 xie2, pea tatu. Suruali ni tiao, blauzi ni jian, boksi zima la mzigo ni xiang. Ukisahau weka ge kila mahali watakuelewa, lakini shuang usiisahau maana hapo unatofautisha pea na kiatu kimoja. Na mbili kwenye kuhesabu vitu sio er, ni liang, liang3 shuang1, liang3 kuai4.

Kuai ndo yuan ya mdomoni, mwenyeji wa Guangzhou atakwambia man. Tano ni wu kuai au ng' man, pesa ileile.

Namba kubwa kuwa makini, wao wanahesabu kwa wan, yani elfu kumi. Laki yetu ni shi wan, kumi za elfu kumi. Watu wengi wanajikwaa hapo wakiagiza mzigo mkubwa, akisikia "san wan" anaandika elfu tatu kumbe ni elfu thelathini. Usikubali kwa mdomo, mpe kalkuleta aandike, hakuna anayechukia. Na pale ambapo huna kalkuleta angalia mkono, kuna ishara za vidole moja mpaka kumi kwa mkono mmoja, gumba na kidole cha mwisho vikiwa wazi ni sita, gumba na cha shahada ni nane kwa wengi ingawa kuna sehemu ishara zinabadilika kidogo.

Maneno ya kuanza nayo: duo1shao qian2, bei gani. Tai4 gui4 le, ghali mno. Pian2yi yi4dian3, punguza kidogo. Zui4 di1 duo1shao, ya mwisho ngapi. Rekodi sauti ya mchina akiyasema uwe unarudia nae kila asubuhi kabla hujafungua duka, usisome kwenye karatasi kwanza, karatasi itakufundisha b na p za kwetu kama alivyosema kijana wa Kibokoni.

MamaMapochi_Kkoo

Nimeandika yote kwenye daftari. Mkalimani, hilo la ya mwisho ngapi nirekodie sauti unitumie PM, na uniwekee na ile ya 14 na 40 zote mbili taratibu kisha haraka kama wanavyosema wenyewe. Mzee wa Foshan na wewe ya Kikantoni naomba, m goi na do je. Jumatatu napita Mlimani kuulizia darasa la jioni ada ni kiasi gani, ntaleta mrejesho hapahapa maana kuna wenzangu watatu wa mtaani kwetu nao wanataka.